Cairo ya siku moja na mama: masaa 14 ndani ya basi, na Firauni hakuwepo

Nianze na ujinga wangu mkubwa kuliko wote, ili hata ukiishia hapa uwe umeshafaidika. Januari 2024 mimi na mama tulitoka Dar kwa ndege, tukatua Cairo asubuhi, tukakaa pale uwanja wa ndege masaa manne tunakunywa chai ya bei ya kuku mzima, halafu tukapanda ndege nyingine kwenda Hurghada. Siku tatu baadaye nikatoa hela yangu nzuri tu ili tupakiwe kwenye basi usiku wa manane, kilomita kama 450, kurudi Cairo kuitembelea. Cairo ile ile. Tulikuwa tumeikalia.

Ilikuwaje? Mi ni muuguzi, nilipelekwa kwenye mafunzo ya siku tano na yalikuwa hotelini huko Hurghada, mji wa ufukweni Bahari ya Shamu (wenyewe wanauita Ghardaga, ukisikia hivyo usidhani ni kwingine). Mafunzo yalilipiwa, mama nikamlipia mwenyewe kwa hela ya mchezo niliyopokea Novemba. Ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na ndege aliyowahi kupanda maishani ni ile ya kwenda Zanzibar msibani. Nilipomuuliza mama, ukifika Misri unataka kuona nini, alitaja kitu kimoja tu: Firauni. Sio piramidi, Firauni mwenyewe, yule wa Nabii Musa. Manake tangu yuko mdogo chuoni kule Tanga alisomeshwa aya ya Surat Yunus inayosema mwili wake utaokolewa uwe ishara kwa watakaokuja nyuma yake, na baadaye akasikia kwamba mwili huo upo Misri, umewekwa kwenye kioo, watu wanaenda kuutazama. Basi ana miaka hamsini anautaka huo mwili.

Nikasema simpo. Siku ya nne ya mafunzo ilikuwa mapumziko, na pale hoteli kuna meza ya kijana anauza matripu: kuzamia samaki, kupanda pikipiki za jangwani, na "Cairo siku moja". Dola 70 kwa kichwa, ndani yake usafiri, mwongozaji, makumbusho, piramidi na chakula cha mchana. Nikaangalia karatasi, nikaona picha ya sanduku la dhahabu la Firauni, nikalipa dola 140 hapo hapo. Sikuuliza swali hata moja. Mimi huyu ambaye nikienda Kariakoo kununua sufuria nauliza maduka sita.

Kuna maswali matatu nilipaswa kuuliza pale mezani. Moja, basi linaanzia kwetu au linazunguka hoteli nyingine kwanza? Pili, makumbusho gani hasa, manake Cairo yako kadhaa na kila moja lina vitu vyake. Tatu, tutasimama kwenye maduka mangapi na dakika ngapi kila duka. Hilo la tatu watakujibu huku wanaangalia pembeni.

Saa saba na nusu usiku tukachukuliwa. Risepsheni walitupa vile viboksi vya chai ya asubuhi, mkate mkavu, yai la kuchemsha, jibini ya pembetatu na juisi ya kopo, tukapanda basi tukakuta watu wanne tu wamelala. Nikafurahi, nikajua ni safari ya watu wachache. Wapi! Tukazunguka hoteli baada ya hoteli, zaidi ya saa nzima, Warusi, Wajerumani, Wapolandi, basi likajaa mpaka kile kiti cha kukunja, na hapo mama alishakula yai lake.

Baridi sasa. Watu tunadhani Misri ni joto mwaka mzima kwa sababu ni jangwa. Januari usiku kule ni baridi ya Lushoto, na dereva bado kawasha kiyoyozi, sijui alikuwa anahifadhi samaki. Mama alikuwa na mtandio na khanga mbili, mi nilikuwa na blauzi. Zile khanga ndo zilituokoa, moja kwake magotini moja kwangu, kwa hiyo ukienda beba khanga, beba soksi, hata shuka la hoteli ukiruhusiwa. Na beba pasipoti yenyewe. Yule kijana wa mezani aliniambia kopi inatosha, nami nikaacha ya kwangu kwenye sefu ya chumbani. Njiani kuna vizuizi vya ukaguzi, na kimoja wapo askari akaipenda sana ile kopi yangu, akaigeuza geuza, akaenda nayo kibandani, tukakaa pale dakika ishirini basi zima linanisubiri mimi Mtanzania. Macho waliyonipa wale Wajerumani sitayasahau.

Ila kitu kimoja kilikuwa kizuri kweli. Barabara inafuata bahari kuelekea kaskazini, kwa hiyo ukikaa upande wa kulia jua linakutokea juu ya maji. Kuelekea Ain Sokhna ndo kulipambazuka, upande wa kushoto milima mikavu ya rangi ya tofali, kulia Ghuba ya Suez, meli zimetia nanga mbali mbali. Mwongozaji akasema kawaida zinakuwa nyingi kuliko hapo zikisubiri zamu ya kuingia mfereji, ila ndo kile kipindi meli nyingi zilikuwa zinakwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahuthi. Mama hakusikiliza habari za meli. Alikuwa amebandika uso kwenye kioo, akaniuliza taratibu, "Hapa ndipo alipopiga fimbo?" Nikamtafsiria mwongozaji. Yule bwana akacheka vizuri, akasema kila kijiji cha pwani hii kitakwambia ni kwetu, na wataalamu nao hawajakubaliana. Mama akasema basi itakuwa hapa.

Niseme kidogo kuhusu huyo gaidi wetu (wa utalii jamani, msije mkaripoti). Alikuwa mtu mzima, amesomea mambo ya kale chuo kikuu, ana kitambulisho chake shingoni, na Misri huruhusiwi kuongoza watalii bila leseni, kwa hiyo anajua anachosema. Mama yangu yeye alikuwa anamwita "ya hagga", ndivyo Wamisri wanavyomwita mama mtu mzima, hajjati kwa matamshi yao, jimu wanaifanya ga. Mama ikawa inamkosesha raha, kila akiitwa ananigeukia, "Mwambie sijahiji mie, asinipe daraja si langu." Nikamwambia mama acha, ni heshima tu. Mpaka tunashuka jioni alikuwa ameshaizoea na anaitika.

Cairo tuliingia baada ya saa mbili asubuhi, na mpaka kufika Tahrir, katikati ya mji, ikawa karibu saa tatu, foleni ile ukiiona unaisamehe Dar. Tulivuka mto Nile dakika mbili tu, dirishani. Nikamwambia mama maji hayo yametoka Mwanza, ziwa Victoria. Mwongozaji akasikia neno Victoria akadakia: ni kweli Nile Nyeupe inatoka ziwani kwenu, lakini maji mengi yanayofika Misri yanatoka milima ya Ethiopia. Mama akasema hata kama ni kikombe kimoja, ni cha kwetu.

Makumbusho ya Misri pale Tahrir ni lile jengo la rangi ya waridi, limefunguliwa 1902, na ndani limejaa kama stoo ya mtu tajiri asiyetupa kitu. Tulipewa saa moja na nusu. Saa moja na nusu kwa vitu zaidi ya laki moja! Mwongozaji anakimbia, sisi nyuma na vifaa vya sikioni, mama na magoti yake, ngazi za kupanda ghorofani kwa Tutankhamun, mi nimemshika kiwiko. Barakoa ya dhahabu tuliiona, zaidi ya kilo kumi za dhahabu, ya kijana aliyekufa na miaka kama kumi na tisa hivi, na kumbe ile ndevu yake ilivunjika 2014 ikabandikwa na gundi kama kikombe cha nyumbani, ikabidi mafundi waje kuirekebisha upya. Chumba kile picha zilikuwa haziruhusiwi. Ila mi kilichonikaa ni kitu kingine kabisa. Kuna kisanamu cha pembe ya ndovu, sentimita saba na nusu, kidogo kama kidole changu, na huyo ndiye Khufu, yule mwenye Piramidi Kubwa, na ndiyo sanamu yake pekee nzima iliyopatikana. Mtu aliyejijengea mlima, tumebaki na sanamu yake ya kuweka kwenye pochi. Watu wengi wanapita bila kukiona, mwambie mwongozaji akuonyeshe.

Sasa ndo mama akauliza. "Haya, na Firauni yuko wapi?"

Mwongozaji akajibu kwa upole, "Yupi, ya hagga? Hapa ni mafirauni watupu." Mama, "Yule wa Musa."

Nilitafsiri nikamwona mwongozaji anavyonitazama. Akaeleza kwamba watu wengi wanamtaja Ramses wa Pili, wengine mwanawe Merneptah, na wanasayansi hawana uthibitisho kwa yeyote, lakini hilo tuliache. Maiti za wafalme zilishahamishwa pale. Tarehe 3 Aprili 2021, jioni, wafalme 18 na malkia 4 walipakiwa kwenye magari yaliyopambwa kama mashua za dhahabu, wakapitishwa mjini kwa gwaride na kupelekwa makumbusho mengine huko Fustat, sehemu kongwe ya Cairo. Huko kwenye tripu yetu? Hapana. Ni mbali? Kilomita chache tu. Tunaweza kupita? Ya madam, kuna watu 44 kwenye basi.

Mama hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alikaa kwenye benchi chini ya lile sanamu kubwa la mtu na mkewe pale ukumbi wa kati, akajifunga mtandio vizuri, akasema, "Si neno mwanangu, nimefika Misri." Watu wa pwani mnajua "si neno" ya hivyo ina uzito gani. Nilitamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo hapa ndo nasisitiza. Kama una kitu kimoja unachokitaka, kitaje kwa jina kabla hujalipa, halafu hakikisha mwenyewe kiko wapi mwaka huo, manake Cairo wanahamisha vitu. Tangu sisi tuende wamehamisha tena: hazina ya Tutankhamun, pamoja na ile barakoa, sasa iko kwenye lile Jumba Kuu jipya la makumbusho karibu na piramidi za Giza, lililofunguliwa rasmi Novemba 2025. Maiti za wafalme ziko Fustat. Na jengo la waridi Tahrir bado lipo na mambo mengi mazuri. Karatasi za matripu zinaweza kuwa na picha za miaka kumi nyuma.

Kutoka pale nikajua tunaenda piramidi. Tukaenda dukani. Duka la papirasi, zile karatasi za mafunjo za Misri ya kale, na ndani wanaanza kama darasa, dada anakata kiini cha bua, analowesha, analaza vipande kwa kupishana, anakandamiza, anakunja karatasi mbele yako haivunjiki, anakwambia mitaani wanauza ya majani ya migomba. Darasa dakika kumi, kuuziwa dakika arobaini. Bei ilianza dola 100. Mi nikajiona mjanja nikashusha mpaka 40, nikaandikiwa jina la mama kwa yale maandishi ya picha. Siku chache mbele nikaona picha kama hizo sokoni kwa hela ya maandazi, sawa zinaweza kuwa za migomba, lakini ukutani kwetu Tanga nani atakuja kuzikunja?

Chakula cha mchana ni wali, kuku, chipsi, saladi, na kinywaji ni juu yako. Hakuna la kusema.

Halafu Giza, kwenye piramidi. Nitakwambia ukweli, mimi sio mtu wa kushangaa majengo, lakini pale nilinyamaza. Picha zinadanganya kwa sababu zinakuonyesha umbo, hazikuonyeshi jiwe moja moja. Ukisimama chini ya Piramidi Kubwa jiwe moja linakufika kifuani, na wanakadiria yapo kama milioni 2.3. Ilikuwa mita 146 na ushee ilipokamilika, imepungua kama mita nane kwa vile mawe laini ya nje yalichukuliwa na watu kujengea Cairo. Ya katikati, ya Khafre, inaonekana ndefu zaidi lakini ni kwa sababu imejengwa sehemu iliyoinuka, na kileleni bado ina lile jiwe laini kama kofia ya kiua.

Kuingia ndani ni tiketi ya peke yake na ni ghali kuliko ya kuingilia eneo lenyewe, na malango makubwa mengi sa hivi wanataka kadi, hawashiki keshi, mi yangu ilikataa mara mbili kabla haijakubali kwa sababu sikuwajulisha benki kwamba nasafiri. Mama alibaki kivulini. Ndani unapanda umeinama, njia nyembamba, joto, jasho la watu wa mataifa yote, wanaoteremka wanakupita wamekubana ukutani, unafika kwenye korido ndefu ya juu sana, unapanda tena, unatokea chumba cha mawe matale ya rangi ya waridi iliyokolea, ndani kuna sanduku la jiwe. Tupu. Basi. Nilikaa dakika tatu nikateremka na mapaja yaliniuma siku tatu. Ukiwa na presha, pumu, au unaogopa sehemu za kubana, hiyo hela nunulia koshari, chakula chao cha mtaani.

Ngamia sasa. Nilisoma kote kwamba ukubaliane bei kabla. Nikakubaliana, pauni 300. Nikapanda, ngamia akasimama, nikapiga picha, bwana akanipeleka mbali kidogo mpaka nikaanza kuona kichwa cha mama kama njugu, halafu akaniambia pauni 300 ilikuwa ya kupanda, kushuka ni 500. Anatabasamu. Na ngamia hashuki mpaka amwambie yeye. Nikaanza kubembeleza, nikapandisha sauti, wapi. Kumbe mama kule kivulini ameona, kajikongoja na magoti yake mpaka pale, akasimama mbele ya yule bwana, akamnyooshea kidole, akamwambia kwa Kiarabu chake cha chuoni chenye irabu zote, "Ittaqillah, ya waladi!" Mche Mwenyezi Mungu, mwanangu. Yule bwana alibaki mdomo wazi. Akamgusa ngamia, ngamia akapiga magoti, mama akampa pauni 100 ya bakshishi na wakaombeana dua. Kwa hiyo ukikubaliana bei sema kabisa: kupanda, kuzunguka na kushuka, wote, na hulipi mpaka miguu iko chini. Na yule anayekuvisha kilemba kichwani anasema zawadi, sio zawadi. Nasikia 2025 walibadilisha, kuna lango jipya upande wa barabara ya Fayoum, mabasi ya umeme ya kuzungusha watu, na wenye ngamia wametengewa sehemu yao, labda usumbufu umepungua.

Sphinx, lile sanamu la simba mwenye kichwa cha mtu, tulipewa dakika ishirini. Ana urefu wa mita 73, pua hana, mnajua.

Tukajua tumemaliza. Duka tena! Mafuta ya manukato safari hii, vichupa vya vioo vya rangi, chai ya hibiska, mwuzaji anatupaka mkononi "lotasi ya Firauni" na "siri ya Cleopatra". Hapa ndo niliifaidi siku. Jamani, huwezi kumuuzia manukato mwanamke wa Tanga aliyekulia kwenye udi na halwaridi, anayetengeneza vikuba vya asumini na mlangilangi mwenyewe. Mama ananusa, anafunga macho, anasema hii asumini mmeikata na mafuta ya kupikia. Hii waridi yake haijakaa. Hii lotasi ni mlangilangi, mnanifanya mtoto. Mi natafsiri, mwuzaji anacheka huku anatoka jasho, mwishoni akaacha kuuza akawa anamuuliza yeye udi wa kwetu tunaufukizaje. Hatukununua kitu.

Saa kumi na robo basi likaondoka. Hurghada tuliingia saa tano na robo usiku. Nilipiga hesabu kwenye simu maana usingizi uligoma: masaa karibu 22 tangu tulipochukuliwa, 14 na ushee tumo kwenye basi la kwenda na kurudi, makumbusho na piramidi ukijumlisha hayafiki masaa matatu na nusu, na maduka mawili saa moja na dakika thelathini na tano. Hela, pamoja na tiketi ya ndani, ngamia, papirasi, vinywaji, vyoo vya njiani (vya kulipia, uwe na noti ndogo ndogo, hawana chenji hata wakiwa nayo) na bakshishi ya dereva na mwongozaji, ilifika karibu dola 250 kwa wawili. Laki sita na ushee. Na kingine, nilibadilisha dola nyingi kwa mkupuo nikarudi Dar na pauni 2,000 nikasema nitakuja tena. Zilikuwa na thamani ya dola kama 65. Machi 2024 wakaiachia pauni ielee, dola ikatoka pauni 31 hivi mpaka karibu 50, zangu zikawa dola 40 zimelala kabatini. Badilisha kidogo kidogo.

Sasa usiku ule mama amelala, nikakumbuka kuangalia tiketi za kurudi. Ndege ya Hurghada inatua Cairo saa tatu asubuhi. Ya Dar inaondoka saa nne na nusu usiku. Siku nzima! Viza yetu ilikuwa ya Misri, tuliombea ubalozini kabla, na ndege ile ya kwanza ni ya ndani ya nchi, kwa hiyo hakuna aliyetuzuia kutoka uwanjani. Asubuhi mama akampigia shoga yake Tanga, yule akasema ana mtoto wa kaka yake anasoma chuo cha Azhar hapo Cairo, mara namba hiyo, mara kijana wa Pangani yuko kwenye simu, "Shikamoo mama, nitakuja kuwapokea."

Mabegi tuliyaandikisha moja kwa moja mpaka Dar, tukatoka na mikoba. Teksi ya siku nzima tulipatana dola 35. Ile siku sikuiandikia hesabu ya dakika. Adhuhuri mama alisali msikiti wa Azhar, uliojengwa na Wafatimi, watawala wa wakati ule, kuanzia mwaka 970, mwaka mmoja tu baada ya kuuasisi mji wenyewe wa al-Qahira, na yule kijana akatuonyesha anapokaa na wenzake kusoma. Mama akasema babu yangu alikuwa anasikiliza Radio Cairo ya Kiswahili, ile iliyoanza 1954 wakati wa Nasser, akawa kila siku anasema ipo siku atakuja kusali hapa. Mi hiyo habari sikuwahi kuisikia, na nina miaka 41. Tukavuka barabara mpaka soko la Khan el-Khalili, tukala koshari, wali, dengu, makaroni, njegere kubwa na vitunguu vya kukaanga bakuli moja. Mama alikula yote, halafu akasema mpishi alishindwa kuamua.

Fustat tukafika alasiri, tukasali kwanza msikiti wa Amr ibn al-As, eneo la msikiti wa kwanza Misri, tangu 642, ingawa jengo limejengwa upya mara nyingi. Halafu makumbusho. Yako karibu, ni mapya, yana lifti na viti vya magurudumu, mwenye mzazi wa magoti azingatie hilo. Ukumbi wa maiti uko chini, unateremka mteremko wa taratibu, kuta nyeusi, taa hafifu, simu mfukoni maana picha hairuhusiwi, watu wananong'ona. Wa mwanzo kabisa ni Seqenenre Tao, ana majeraha ya shoka kichwani mpaka leo, mi kama muuguzi nilisimama pale muda mrefu nikijiuliza lipi lilitangulia.

Mama alipita wote bila kusimama. Alikuwa anasoma namba.

Kwa Ramses wa Pili akasimama. Shingo nyembamba, pua ya kupinda, nywele bado zipo, zimegeuka rangi ya manjano, mikono imekunjwa kifuani na kucha zinaonekana. Mwaka 1976 walimpeleka Paris kutibiwa ukungu. Mama akasoma aya yake kimya kimya, midomo inacheza, yule kijana wa Pangani akarudi nyuma hatua mbili kumwachia nafasi. Nikamwambia mama kwamba wataalamu hawana hakika ndiye. Akasema najua, nimesikia. Nikamwambia pia alikufa mzee sana, karibu miaka 90, na walipompiga picha za mionzi walikuta mgongo umekakamaa na meno yameoza mpaka mfupani.

Mama akainama karibu na kioo, akamtazama mdomoni.

"Maskini," akasema. "Na hakukuwa na karafuu." Halafu akanipa mkoba nimshikie, akaenda kumuuliza askari choo kiko wapi.